Mbawa za tai na kesi iliyosimama: kisa cha mama shemasi wa Nakivale

Mama mwenye kisa hiki ni shemasi katika kanisa dogo la Wakongomani ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, kusini magharibi mwa Uganda. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kila Jumapili. Katikati ya mwaka 2025 akanyamaza. Hakuacha ibada. Alikuja, akaketi kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, akatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana. Kazi yangu ni ushauri wa kichungaji katika makanisa yanayotumia Kiswahili huku, kwa hiyo wazee wa kanisa waliniita wakaniambia, "Mama Shemasi amepoa." Yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze yaliyompata bila kutaja jina lake, kwa sababu anajua wako wengi waliochoka kama yeye, na wanaambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa yeye.

Ninaandika kwa kirefu kwa kuwa ahadi ya nguvu mpya, ambayo ni kati ya ahadi tamu kuliko zote katika Biblia, inahubiriwa katika makanisa yetu mengi kwa namna inayowaumiza watu. Kisa cha mama huyu kinaonyesha jinsi inavyoumiza, na pia jinsi ahadi yenyewe ilivyo ya kweli ikisomwa yote.

Mzigo ulivyoongezeka

Alifika Nakivale mwishoni mwa 2008 akitokea Rutshuru, mashariki mwa Kongo, vita ya waasi wa Laurent Nkunda ilipowafikia. Alivuka mpaka wa Bunagana na watoto wawili, akapitia Kisoro, akaletwa huku. Nakivale ni makazi ya siku nyingi. Yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo humo wamo Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi Uganda kufanya kazi na kutembea, naye hakuketi kusubiri kupewa. Alilima maharage, akanunua cherehani, akawa anashona sare za shule na vitenge. Mume wake alikwenda Kampala kutafuta kazi, akawa anatuma pesa kwa simu anapopata.

Chakula cha msaada kilipungua hatua kwa hatua. Aprili 2020 mgao ulishuka hadi asilimia 70, Februari 2021 hadi 60. Mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi matatu kufuatana na hali zao, na nyumba yenye cherehani na shamba ikahesabiwa kuwa inajiweza. Mgao wake ukakoma. Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilitangaza kwamba wakimbizi milioni 1 nchini Uganda hawatapata tena chakula kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua, na hapo hata majirani waliokuwa wakimkopesha unga wakaishiwa.

Lakini njaa peke yake isingemvunja, alikwisha kuizoea. Kilichomvunja kilitokea mwezi Januari mwaka huohuo.

Familia yake ilikuwa kwenye mchakato wa kuhamia Marekani. Mahojiano yalikuwa yamekwisha, vipimo vya afya vimefanywa, wameambiwa wakae tayari. Wakakaa tayari kama watu wengi wa huku wanavyofanya: cherehani ikauzwa, shamba la maharage likaachiwa jirani, sufuria kubwa zikagawiwa marafiki. Januari 20, serikali mpya ya Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Siku chache baadaye, Januari 27, waasi wa M23 wakaingia Goma, ambako dada yake alikuwa akiishi. Dada hakuonekana. Watoto wake wanne walifika wakiwa na shangazi yao, kwa njia ileile ya Bunagana aliyopita yeye mwaka 2008. Nyumba ya watu sita ikawa ya watu kumi na mmoja, na aliyetakiwa kuilisha hakuwa tena na cherehani wala shamba.

Sasa niseme jambo ambalo wazee hawakunieleza mwanzoni, nikalisikia kwa mama mwenyewe. Mwaka 2024, katika mkesha mmoja, mhubiri mgeni alimwita mbele ya watu, akamwekea mkono, akasoma Isaya 40:31: "bali wao wamngojeao BWANA watapata nguvu mpya, watapanda juu kwa mbawa kama tai." Akatamka kwamba mbawa hizo ni ndege, na kwamba mama huyu atapanda ndege kabla mwaka haujageuka. Kanisa zima likapiga vigelegele. Mahojiano yaliposonga mbele miezi iliyofuata, kila mtu aliona unabii unatimia. Kwa hiyo kesi yake ya kuhamia Marekani iliposimama, kilichoanguka kilikuwa kikubwa kuliko safari. Neno la Mungu lenyewe lilionekana limeshindwa, au yeye ndiye aliyeshindwa.

Alichoambiwa, na alichofanyiwa

Kuanzia Machi alikuwa analala saa mbili tatu tu, akishtuka saa tisa usiku na kukaa macho hadi alfajiri. Chakula kiliungua jikoni naye amesimama hapohapo. Aliwagombeza watoto wa dada yake kwa vitu vidogo, kisha akalia kwa aibu. Na bado ushemasi ulimdai kila kitu: mazishi, waliojifungua, wageni wapya waliokuja na nguo za mwilini tu. Kila mwenye shida alipelekwa kwake kwa kuwa yeye ndiye mwenye moyo.

Alipoacha kuimba, kanisa lilikuwa na maelezo tayari. Wengine walisema ni roho ya huzuni. Wengine walisema amemkasirikia Mungu na lazima atubu. Mwishowe wakaafikiana kumpa mfungo wa siku tatu, kavu, pamoja na maombi ya usiku.

Kwa heshima yote, na najua wazee wale walimpenda, lile lilikuwa kosa kubwa. Mwanamke ambaye alikuwa anakula mara moja kwa siku ili watoto washibe aliambiwa asile kabisa. Mwanamke aliyekosa usingizi kwa miezi aliambiwa akeshe. Kufunga ni silaha njema ya Mkristo, nami nafunga. Lakini kufunga ni kwa mwenye chakula anayekiweka kando kwa hiari. Siku ya pili alizimia njiani akitoka kisimani, na dumu la maji likamwagika. Watu walimwinua wakisema pepo anamtoka.

Aliyemsaidia kwanza hakuwa mtu wa kanisa lake. Alikuwa bibi mmoja Mnyankole, mjane wa askari, anayeishi kijiji kinachopakana na makazi. Kiswahili alikipata kwa marehemu mume wake, na watoto wote wa upande ule humwita Kaaka, kama bibi wanavyoitwa Ankole. Alikuwa akimjua mama shemasi kwa sababu ya kushonewa. Kaaka alifika asubuhi na bushera, uji wa nafaka wa huku Ankole, katika kidumu kidogo cha njano, akammiminia kwenye kikombe cha plastiki. Mama akasema, "Kaaka, nimefunga." Bibi akajibu, "Mwanangu, nani amekufunga? Kunywa." Akanywa kikombe, akaongezewa. Kisha Kaaka akawatuma watoto wakubwa maji, akachukua ungo wa maharage akakaa mlangoni kuchambua, akamwambia mama aingie ndani alale. Alilala hadi jioni. Nilipomuuliza baadaye Kaaka aliomba nini siku ile, alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. Alisema aliomba huku anachambua.

Kaaka ni mlokole wa zamani. Mwamko ule wa Afrika Mashariki, ambao mizizi yake ni Gahini nchini Rwanda na vilima vya Kampala, ambako Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walikutana mwaka 1929 wakasoma Biblia na kuomba pamoja, uliwaachia watu wa huku desturi moja ambayo makanisa yetu mapya yanaihitaji sana: kukutana kila wiki watu wachache na kusema ukweli wa hali yako mbele ya ndugu, bila kujipamba. Kwa mlokole wa kweli, kusema "leo moyo wangu ni mkavu" hakumpunguzii mtu imani. Ni kutembea nuruni. Kaaka alimpeleka mama shemasi kwenye ushirika wake, akaketi kati ya wabibi ambao nusu ya maneno yao hakuyaelewa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtaka aonyeshe nguvu.

Tulivyofanya baada ya hapo

Nilipokutana naye, swali langu la kwanza lilikuwa kama anatamani kufa. Washauri wengi huogopa kuuliza hivyo wakidhani watampandikizia mtu wazo. Hawapandikizi, humfungulia mlango. Alinijibu, "Pasta, kufa sitaki. Nilikuwa natamani tu nilale, nisiitwe." Jibu hilo lilinipa unafuu, lakini sikuishia hapo. Tulikwenda naye kituo cha afya. Damu yake ilikuwa chini sana. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, akatakiwa kurudi, na akapewa nafasi ya kuongea na mhudumu wa afya ya akili anayefika pale. Ningependa kila mchungaji anayesoma haya alishike hili: sehemu ya kile kilichoitwa kupoa kiroho ilikuwa upungufu wa damu.

Halafu tukafungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, ameona moto wa Mungu, na bado kwa tishio moja la Yezebeli anakimbia jangwani, analala chini ya mretemu na kuomba roho yake itwaliwe. Nilimwomba mama asome polepole aone malaika anamwambia nini nabii huyu. Malaika hamkemei, wala hamtaki atubu ile sala ya kutaka kufa. Anamgusa na kusema, "Inuka, ule." Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya anakula, analala tena. Mara ya pili anaguswa: "Inuka ule, kwa maana safari hii ni kubwa mno kwako." Mungu mwenyewe, kwa kinywa cha malaika, anakiri kwamba safari imemzidi mtumishi wake. Mama alisimama kwenye mstari huo muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe Kaaka alikuwa malaika." Nadhani alisema kweli.

Na sura haiishii kwenye mkate. Huko Horebu Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake, na Mungu anamjibu kwa kumpa Elisha na kumwambia kuna watu elfu saba ambao hawakumpigia Baali goti. Aliyechoka aliongezewa watu na kupunguziwa kazi. Ndiyo sababu nilirudi kwa wazee na Kutoka 18, pale Yethro anapomwona mkwewe Musa akiamua mashauri kutoka asubuhi hadi jioni na kumwambia kwamba afanyalo si jema, atadhoofika yeye na watu walio naye. Wazee wale ni watu wanaolisikia Neno likisomwa. Kazi za ushemasi ziligawanywa kwa akina mama watano, mazishi yakapewa wanaume, na mama shemasi akaondolewa kwenye mikesha hadi atakaposema mwenyewe. Akina mama wa likelemba yake, yaani upatu wao, walimpa zamu ya kupokea kabla ya wakati wake. Fedha hazikutosha kununua cherehani, lakini aliyeinunua ile ya zamani alikubali amkodishie saa za mchana. Jirani aliyeachiwa shamba alimrudishia nusu yake.

Maombi yake pia tuliyabadilisha. Alikuwa ameacha kuomba kwa sababu alidhani ni lazima aanze kwa shukrani, na shukrani haikuwepo. Nikampa Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Baadaye ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, pasipo mstari hata mmoja wa ushindi mwishoni. Alishangaa. Miaka yote kanisani hakuwa amesikia ikisomwa kwa sauti. Akaniuliza kama inaruhusiwa kuomba hivyo. Imo katika Biblia, nikamwambia, na waliitunza watu waliojua kwamba mwenye kumlilia Mungu bado anazungumza naye. Kwa majuma kadhaa aliomba zaburi hizo tu, akitaja jina la dada yake.

Mstari ule wa Isaya

Lilibaki jeraha lenyewe, yaani unabii. Hili halikuondoka kwa uji wala kwa usingizi, na nisingeridhika kama tungelipita. Mwanamke huyu alikuwa amefundishwa kwamba nguvu mpya maana yake ni kuondoka Nakivale.

Tulisoma Isaya 40 kuanzia juu. Maneno yale yanawafariji watu wa uhamisho. Yerusalemu ilikwisha kuchomwa na Wababeli mwaka 586 kabla ya Kristo, na watu walichukuliwa wakaishi ugenini kwa miongo mingi, wakazaa na kuzika huko. Malalamiko yao yameandikwa kwenye mstari wa 27: "Njia yangu imefichwa, BWANA asiione, na hukumu yangu imempita Mungu wangu asiiangalie." Mkimbizi wa Nakivale hahitaji kufafanuliwa hayo. Ndiyo maneno ya kila anayekwenda kuulizia kesi yake akaambiwa bado haijasogea.

Kwa watu hao ndipo ahadi inatolewa, na mhubiri yule aliisoma nusu. Mstari unaendelea: "watapiga mbio, wala hawatachoka, watakwenda kwa miguu, wala hawatazimia." Angalia mpangilio wake. Mtu angetazamia ianze na kutembea, iende kwenye mbio, imalizie angani. Nabii anashuka: kupaa, kukimbia, kutembea. Neno la mwisho la ahadi ni la mtu anayekwenda kwa miguu yake asianguke. Mimi nasadiki kwamba hapo pameandikwa kwa ajili ya watu kama mama huyu, ambao mwujiza wao wa mwaka 2025 ulikuwa kwenda kisimani na kurudi bila kuzimia.

Uganda inaujua ukristo wa miguu. Kila mwaka, kuelekea tarehe 3 Juni, mahujaji hutembea hadi Namugongo, mahali mashahidi wa imani Karoli Lwanga na wenzake walipochomwa moto mwaka 1886, na wengine huanza safari magharibi ya mbali, siku nyingi kabla. Wanatembea kwa makundi. Wanalala parokiani njiani, wanapewa chakula na wenyeji, wenye malengelenge wanafungwa vidonda. Hakuna anayemwambia hujaji aliyeketi chini ya mti kwamba imani yake imepungua. Nilimpa mama picha hiyo, naye akaiongezea: hata mahujaji wanajua wanakokwenda, mimi sijui kama ni Marekani au Rutshuru au hapahapa.

Nilimwambia ahadi haisemi wamngojeao Marekani. Nilisema kwa upole, kwa kuwa kutamani watoto wako wapate nchi ni jambo la haki, wala sikumtaka aache kuulizia kesi yake. Lakini kuna kungoja kunakomla mtu, pale maisha yote yanapoahirishwa hadi simu ilie. Na kuna kumngojea Bwana, ambako mtu anapanda maharage msimu huu kwa sababu Mungu yuko hapa msimu huu. Mama hakunijibu siku ile. Juma lililofuata nilimkuta analima.

Je, amepona? Analala usingizi wa kutosha siku nyingi. Damu imepanda. Huzuni ya dada yake ipo, nami sitarajii iondoke kwa amri. Kesi imesimama, mgao haujarudi. Kuhusu imani yake, aliniambia hivi: "Zamani nilikuwa namwambia Mungu, nitoe. Sasa niko namwambia, nishike. Na niko nasikia ananishika." Wanaodhani hayo ni kushuka kiwango waende wakamtazame. Watoto wa dada yake wanakwenda shule na sare alizowashonea, na anapowasahihisha sauti yake haipandi. Nyimbo bado zinaanzishwa na binti mmoja wa kwaya. Mama anaitikia kutoka benchi la katikati, na kanisa limekubali kutomharakisha.

Wazee wamepitisha kwamba mfungo hautapewa mtu yeyote kabla ya kuulizwa kama amekula, na kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa hawatafunga. Jambo la unabii wa safari ndilo bado linawagawa. Baadhi wanataka mhubiri mgeni asiruhusiwe tena kumsimamisha mtu mbele na kumtabiria ndege. Wengine wanahofia kumzimisha Roho. Nimewaomba kwamba kabla ya kuamua wamsikilize kwanza mama shemasi, yeye aseme mbele ya kikao maneno yale yalimfanyia nini, naye amekubali kusema.